Nina miaka minne ofisi ya shule, niombe kazi ya utawala kwenye taasisi ya utafiti?

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, naishi Buhongwa, nina diploma ya uhazili na huu ni mwaka wa nne nipo katibu muhtasi kwenye sekondari moja ya binafsi hapa Mwanza, mkataba wa kudumu, mshahara laki nne na nusu. Nimeona tangazo la afisa utawala msaidizi kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maendeleo, wana mradi wa wavuvi na afya visiwani, kituo cha kazi Mwanza, mkataba mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Mshahara hawajaandika ila watu wanasema hao wanalipa kwa dola. Naogopa Kiingereza, kuandika naweza ila kuongea nababaika. Sina digrii, utafiti sijawahi kuugusa. Mume wangu anasema kazi yenyewe ni kubeba chai na kutoa fotokopi halafu baada ya mwaka niko nyumbani. Kuna kaka pia kanipigia anasema yuko ndani ya hiyo taasisi nimtumie elfu themanini apitishe jina langu. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa ijayo. Naomba unishauri."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo kaka wa elfu themanini maana hilo halina mjadala, usitume. Hata elfu tano usitume. Hizi taasisi zinapoajiri maombi yanafunguliwa na watu zaidi ya mmoja, kila mmoja anatoa alama kwenye karatasi yake, na zile karatasi zinatunzwa kwenye faili maana mkaguzi wa mfadhili anaweza kuja mwaka unaofuata akauliza huyu mlimpataje. Sasa hapo katikati "kupitisha jina" kunaingilia wapi? Mara nyingi namba za simu zinatoka kwenye yale magrupu ya ajira ambako watu wanamwaga CV zao na namba, anachukua namba mia moja, wakituma kumi tu ameshapata mshahara wake. Kama kweli yuko ndani basi hiyo ni rushwa na TAKUKURU wana namba ya bure 113, na waandikie taasisi yenyewe kwa ile anwani iliyoko kwenye tangazo uwaambie mtu wa namba fulani ananiomba hela kwa jina lenu. Hautaharibu nafasi yako, usiogope. Ila kabla ya yote ingia tovuti ya taasisi wewe mwenyewe uone kama hilo tangazo lipo, usiridhike na picha ya skrini uliyotumiwa WhatsApp.

Ukishamtoa huyo, naona ulichoniuliza ni vitu viwili vimeshikana: kazi hii ni kazi kweli au ni uhudumu uliopewa jina zuri, na je ni busara kuacha cha kudumu kufuata cha mwaka mmoja. Nimekaa kwenye ofisi za miradi ya utafiti hapa kanda ya ziwa miaka 17, nimeanzia masijala, kwa hiyo nitakwambia nilivyoona.

Chai utaagiza, sikudanganyi, na fotokopi utatoa. Lakini mumeo anaangalia kile kinachoonekana mtu akipita mlangoni. Taasisi za namna hii, ziwe zile kubwa za nje kama IDS pale Sussex Uingereza ambayo ipo tangu 1966 au ODI ya London ya 1960, au hizi zetu ambazo wanashirikiana nazo huku kama NIMR pale Isamilo kwa mambo ya magonjwa, TAFIRI kwa mambo ya samaki na TARI Ukiriguru kwa mambo ya pamba na mihogo, bidhaa yao wote ni moja, wanatoa maneno ambayo watu wanatakiwa wayaamini. Mtu wa wizara anasoma ripoti kwamba wavuvi wa dagaa wanaugua hivi na hivi, anaamini kwa nini? Anaamini kwa sababu nyuma ya ile ripoti kuna kibali, kuna fomu za ridhaa zimesainiwa, kuna orodha ya waliohojiwa, kuna hela imetoka na imeonekana imekwenda wapi. Hizo karatasi zote zinapita mezani kwako. Mtafiti anaweza kuwa na akili ya ajabu lakini kibali kikiisha muda wake na hakuna aliyekumbuka kuomba kiongezwe, data aliyokusanya wiki ile ina kasoro na wakati mwingine inatupwa.

Chukua safari moja tu ya kwenda Ukara. Kabla mtu hajapanda boti kuna kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na kama utafiti unagusa afya kuna kibali cha maadili kutoka NIMR, mtafiti wa kutoka nje ana na mambo ya uhamiaji. Halafu unashuka na barua mkoani kwa Katibu Tawala, yeye anaandika kwenda wilaya, wilaya inaandika kwenda kata, unafika kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, unasaini kitabu cha wageni, na kama mmeruka ngazi moja mtendaji ana haki ya kuwarudisha na atawarudisha. Hapo bado hujahesabu posho za wakusanya data, gari, dizeli, madodoso, pawabenki za tableti, malazi Nansio, chakula cha washiriki, na simu za kumwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba tunakuja Jumanne sio Jumatatu kwa sababu Jumatatu kuna gulio. Siku hizi Sengerema na Geita zimekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lakini visiwani bado ni maji.

Na kwa vile ni maji, hapa nitasimama kidogo maana kuna kitu wengi wanakiona ni urasimu. Kila safari ya majini wewe ndiye utakayekuwa na orodha ya nani yuko kwenye chombo gani, ameondoka saa ngapi, namba ya nahodha, namba ya ndugu yake wa karibu. Sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka 20 Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia kufika Ukara, na zote mbili watu walibaki wanabishana ndani walikuwemo wangapi, ndugu wanazunguka na picha wakiuliza kama fulani alipanda au hakupanda. Mimi hiyo 2018 nilikuwa na vijana wawili wa mradi upande wa Ukerewe, na kwa vile orodha ilikuwa mezani na wote wawili nilikuwa nimeandika wapo Nansio siku hiyo hawasafiri, niliweza kumjibu mama wa mmoja ndani ya dakika mbili. Nikapiga na simu kuhakikisha, walikuwa salama. Sijawahi tena kumruhusu mtu apande boti jina lake halipo kwenye karatasi, hata awe profesa, na hata kama anasema ana haraka, na boti ambayo haina maboya ya kuvaa ya kutosha watu wote haiondoki na watu wangu. Afisa utawala msaidizi ana uwezo wa kuzuia safari. Hayo ni mamlaka, tena makubwa.

Upande wa hela nao una ufundi wake. Mkusanya data anapewa masurufu, yaani hela ya safari ya kutolea hesabu, laki nane kwenda wiki moja kisiwani, akirudi anatakiwa arejeshe masurufu, wengine wanasema kuritaya, na mfadhili anataka risiti, tena Tanzania tunasema risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sasa mwenye mtumbwi wa kisiwa cha Ghana huku Ukerewe au mama anayepika wali na sato pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, atoe wapi EFD? Hapa ndipo maafisa wapya wanapoumia, anakusanya vikaratasi vya mkono vimeloana, mwisho wa mwaka mkaguzi anavikataa vyote na ile hela inahesabika haijulikani ilipo. Nilipitia hilo mwaka wangu wa pili na lilinitoa machozi maana hela haikuibiwa hata senti, ila sikuwa na cha kuonyesha. Dawa yake ni kukubaliana na mtu wa fedha KABLA ya safari, kwa maandishi, kwamba mahali ambapo hakuna EFD tutatumia fomu ya kuthibitisha malipo yenye jina la aliyepokea, namba yake ya simu, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi au dole gumba, na sahihi ya mwenyekiti au mtendaji kama shahidi, na ikiwezekana lipa kwa simu ili muamala ubaki. Ukiomba ruhusa kabla ni utaratibu, ukieleza baadaye kila mtu anasikia utetezi.

Kuna jambo la majina ya washiriki ambalo shuleni hujakutana nalo hivi. Tuseme utafiti ni wa virusi vya UKIMWI kwenye mwalo, watu arobaini wanakuja kusaini nauli. Ukiwapa karatasi moja yenye majina yote, kila anayesaini anasoma walio juu yake, na mwaloni watu wanajuana, kesho yake kijiji kizima kina orodha. Umevunja siri za watu bila kusema neno hata moja. Kila mmoja apewe kikaratasi chake chenye namba badala ya jina, na ile orodha inayounganisha namba na majina ikae kabatini kwa funguo au kwenye kompyuta yenye nywila, isipigwe picha wala isitumwe WhatsApp. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, yule mama alikuamini.

Na saa. Usicheke, saa. Mwanzoni niliandaa kikao cha watu wa halmashauri na wenzao wa Uingereza, kwa watu wetu nikaandika saa 4:00 asubuhi kama tunavyosema, kwenye mwaliko wa wageni nikanakili ile ile 4:00, wao wakajipanga kwa saa kumi yetu jioni. Watu wa halmashauri walikaa ukumbini toka saa nne wakasubiri wakaondoka, na ilituchukua miezi kuwarudisha. Tangu hapo naandika zote mbili kila mara, saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00 Afrika Mashariki, na pembeni naweka saa ya huko. Kumbuka pia wenzetu wanasogeza saa zao, Uingereza tunawazidi masaa matatu wakati wa baridi, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunawazidi mawili. Sisi saa zetu hazihami kwa hiyo tunasahau. Ukiweza kusema hilo kwenye intavyuu watajua unaijua kazi.

Sasa hofu zako. Kiingereza, mdogo wangu, mahitaji ya kazi hii ni Kiingereza cha kuandika kilicho wazi, imeili fupi isiyomwacha mtu na maswali, na muhtasari wa kikao unaosema nani atafanya nini lini. Umesema kuandika unaweza. Kuongea kunakuja na mazoezi na wale wageni wengi wao hata sio Waingereza, utamkuta Mdachi, Mhindi, Mkenya, kila mtu na lafudhi yake, hakuna anayekuhesabia makosa. Kwenye intavyuu kama hujasikia swali sema naomba urudie taratibu, hiyo haipunguzi alama. Anayepunguziwa ni yule anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Halafu una kitu ambacho wao hawana, unaweza kumpigia mwenyekiti wa kijiji Misungwi ukaanza na mwangaluka ukaulizia na ng'ombe kabla ya kufika kwenye shida yako, na kwa Kisukuma chako mambo yanakwenda (kama unakijua kiandike kwenye CV, watu wanasahau kuandika lugha zao za nyumbani).

Digrii ya utafiti kwa kawaida hawaihitaji kwa nafasi kama hii, ila soma tangazo tena. Kama wameandika diploma na uzoefu wa miaka miwili au mitatu basi umefika. Kama wameandika digrii ni lazima, hapo nitakuwa mkweli, mara nyingi anayechuja anaanza na hilo na CV yako inaweza isifike mezani, lakini kuomba hakugharimu.

Tatizo lako utaandika "katibu muhtasi, kuchapa barua na kupokea wageni" na utajiua mwenyewe. Shuleni umefanya nini hasa? Umeshika risiti za ada za wanafunzi, hiyo ni fedha na kumbukumbu. Umeandaa mahafali na vikao vya wazazi, hiyo ni kuratibu shughuli ya watu mia tatu, viti, turubai, chakula, mgeni rasmi, ratiba. Umeandika mihtasari ya kikao cha bodi. Umetunza mafaili ya walimu. Umechapa na kufungia mitihani bila kuvuja, hiyo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, maana mtu aliyekaa na mitihani miaka minne haijavuja anajua kutunza siri na huyo ndiye wanayemtafuta kwenye utafiti wa afya. Andika hivyo kwa lugha ya kawaida, na idadi zake. Na ujiandae kupewa zoezi la kompyuta siku hiyo hiyo ya intavyuu, wengi wanafanya hivyo, jedwali la Eksel lenye bajeti ya semina ya siku mbili ulijumlishe, au imeili kumi za kupanga ipi kwanza. Wiki hii kaa na mtu anayejua Eksel akufundishe kujumlisha kwa fomula, kuchuja na kupanga, hayo tu yanatosha kwa kuanzia.

Tuje kwenye mwaka mmoja, na hapa naomba usome taratibu maana watu wengi wanadhani mkataba mfupi ni dharau au ni ujanja wa mwajiri. Hizi taasisi nyingi haziuzi kitu. Zinaandika andiko la mradi, mfadhili anatoa hela ya miaka mitatu au minne, na ile hela imeshagawanywa kwenye bajeti mstari kwa mstari, mtafiti mkuu kiasi fulani, boti kiasi fulani, afisa utawala kiasi fulani. Ukiwa kwenye mstari wa mradi, siku mradi unapoisha mstari wako unaisha, hata bosi akupende vipi. Kuna nafasi nyingine chache zinalipwa na hela ya taasisi yenyewe, ile asilimia ya uendeshaji ambayo mfadhili anaiachia taasisi juu ya gharama za mradi, na hiyo inatofautiana sana, miradi mikubwa ya utafiti ya Umoja wa Ulaya inatoa asilimia 25, wengine wanabana mpaka 7. Ndiyo maana nafasi za namna hiyo ni za kugombania. Na kipindi hiki hali imekaza zaidi, Uingereza ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5 mwaka 2021, halafu Februari 2025 wakatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027, na Marekani ikaifunga USAID rasmi 1 Julai 2025. Kanda hii tumeona ofisi zimefungwa na watu wazuri wa kazi wamerudi nyumbani. Kwa hiyo mumeo kwenye hili la mwaka mmoja hana hoja ya kupuuza hata kidogo, mwambie nimesema hivyo.

Ndiyo maana swali la kwanza kuwauliza ukifika hatua ya kupewa kazi, kabla hata ya mshahara, ni hili: nafasi hii inalipwa na mradi upi na mradi huo unaisha mwezi gani mwaka gani? Ni swali la kawaida kabisa, hawatashangaa. Wakisema mradi umeanza juzi una miaka mitatu mbele, basi ule mwaka mmoja unaoweza kuongezwa una uzito. Wakisema unaisha baada ya miezi kumi na nne na "tunategemea kupata mwingine", chukulia ni mwaka mmoja tu na upige hesabu zako hivyo. Wakikwepa kukujibu, nalo ni jibu.

Dola uzitoe kichwani. Wanaoajiriwa hapa hapa kwa kawaida wanalipwa shilingi, kwa viwango vya hapa, na ni wale wa kutoka makao makuu ndio wana viwango vingine. Uliza mshahara huo ni kabla au baada ya makato. Mfano tu, wakikupa laki tisa mkononi, mwaka ni milioni kumi na laki nane, shuleni kwa laki nne na nusu mwaka ni milioni tano na laki nne, maana yake hata ukiisha na mwaka wako utakuwa umelipwa miaka miwili ya shule, na ukiwa umeweka ile ziada pembeni una mwaka mzima wa kutafuta kwingine bila kuomba mtu chumvi. Lakini wakikupa laki sita kwa mkataba wa mwaka mmoja, mimi kwa nafasi yako nisingeondoka, labda kama shule yenyewe inalipa kwa kusuasua, na hilo unalijua wewe.

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu umepigiwa simu ya hongera. Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote uwe mkononi, ndipo utoe notisi, kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inasema isipungue siku 28, angalia na mkataba wako wa shule usije ukawa unasema zaidi. Shule ikiwa na moyo mzuri jaribu kuomba likizo bila malipo, wengine wanakubali, wengi hawakubali. Kwenye mkataba mpya tazama NSSF ipo, bima ya afya ipo na inakubali watoto, na kama kuna kiinua mgongo mwisho wa mkataba. Likizo ya mwaka siku 28 na ya uzazi siku 84 ni za kisheria, usiambiwe mradi hauna bajeti ya hayo. Ujue pia ndani ya miezi sita ya kwanza kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haijaanza, kwa hiyo hiyo miezi sita kaa vizuri. Na siku bosi akikwambia usijali tutakuongezea mkataba, mwombe akuandikie kwa imeili hata mstari mmoja, maana sheria ya kazi ya 2004 inatambua matarajio ya msingi ya kuongezewa mkataba, lakini CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, watakuuliza ushahidi na maneno ya kwenye korido hayahesabiki.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza ila naliona ndani ya maneno yako, kama unaingia ukidhani ukikaa karibu na watafiti utakuwa mtafiti, hapana, hiyo njia haiendi huko. Njia hii inakwenda kwenye uratibu wa miradi, usimamizi wa ruzuku, fedha, ununuzi, rasilimali watu, na ni njia nzuri, nimeiona ikisomesha watoto wa watu wengi. Ila baada ya ngazi moja au mbili watataka digrii, kwa hiyo kama utaipata kazi fikiria Chuo Kikuu Huria, wana kituo hapa Mwanza, unasoma huku unafanya kazi.

Kuna mahali mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Ukipewa mkataba wenye kipengele hukielewi, hasa cha kuvunja mkataba au cha kurudisha gharama za mafunzo, usinitumie picha, upeleke kwa wakili au kwa afisa kazi wa mkoa akusomee ukiwa umekaa mbele yake. Ukiachishwa na unaona umeonewa nenda CMA ana kwa ana mapema maana dirisha la kulalamikia kuachishwa ni siku 30 tu, watu wanakaa nyumbani wanalia mpaka zinapita. Na hili la mumeo msilimalize kwa simu, kaeni na daftari muandike ada, kodi, chakula, mnaweza kuishi miezi mingapi mshahara wako ukikata, muone namba wote wawili.

Maombi yatume Jumatano usingoje Ijumaa, Ijumaa umeme ukikatika au mtandao ukigoma utalaumu nani. Weka faili moja tu la PDF lenye jina lako, barua isizidi ukurasa mmoja, na kwenye ile barua sentensi ya kwanza anza na ile mitihani ambayo haijawahi kuvuja.